Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Jinsi ya Kujiunga na Mradi wa Programu Huria

Ukifika katika kituo cha afya kinachotumia mfumo wa kidijitali, karani huandika jina lako kwenye kompyuta, muuguzi hufungua rekodi za mara ya mwisho ulipokuja, na daktari huona dawa ulizopewa hata kabla hujaketi. Katika vituo vingi vya umma nchini Kenya, hasa kliniki zinazowahudumia watu wanaoishi na virusi vya HIV, programu inayofanya kazi hiyo huitwa KenyaEMR.

Wengi wetu hudhani programu kama hiyo ni mali ya kampuni fulani ng'ambo, na kwamba hakuna anayeruhusiwa kuigusa ila mtaalamu aliyeajiriwa. Sivyo. KenyaEMR imejengwa juu ya OpenMRS, programu huria ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiongoza kompyuta, uko wazi kwa kila mtu. Mkazi wa kaunti hii anaweza kuusoma leo, kuonyesha kasoro, na kupendekeza marekebisho. Hahitaji barua ya utambulisho wala kumjua mkubwa yeyote.

Somo hili ni la kijana aliyemaliza kozi ya kompyuta na kila anakoomba kazi anaulizwa, "Uzoefu wako uko wapi?" Ni la mhudumu wa afya anayeona kasoro ya programu kila siku na hajui pa kuipeleka. Pia ni la mkazi yeyote anayetaka kujua jinsi mgeni anavyoingia katika mradi wa aina hii na kuwa na manufaa. Tutatumia OpenMRS kama mfano, lakini hatua ni zile zile karibu katika kila mradi.

MRADI ULIOANZIA KARIBU NASI

Mwaka wa 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Nandi, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Mfumo huo mdogo ulitokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Idadi ya wagonjwa wa HIV waliohudumiwa na mpango wa AMPATH mjini Eldoret ilipozidi kuongezeka, ilionekana wazi kwamba mfumo ule hautatosha.

Mwaka wa 2004 wataalamu waliokuwa wakishughulikia tatizo hilo walianza kubuni OpenMRS, wakishirikiana na wenzao wa shirika la Partners In Health. Programu hiyo ilianza kutumika Eldoret mwaka wa 2006, na mwaka huo huo ikafika Rwanda na Afrika Kusini. Leo inatumika katika mataifa mengi.

Kwa hivyo kijana wa hapa anayejiunga na mradi huu haendi kuomba nafasi ugenini. Anarudi kwenye kazi ambayo mahitaji ya zahanati na hospitali za Kenya yaliisukuma tangu mwanzo.

HURIA HAIMAANISHI HOLELA

Programu huria ni programu ambayo leseni yake inakuruhusu kuitumia, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha, na kumpa mwingine. OpenMRS hutumia leseni iitwayo Mozilla Public License, toleo la 2.0.

Hata hivyo, ruhusa ya kubadilisha nakala yako mwenyewe si ruhusa ya kubadilisha nakala rasmi. Kila mradi una watunzaji, yaani watu wanaoujua msimbo vyema na ambao hukagua kila pendekezo kabla ya kulikubali. Mwalimu hakatazi mtu kununua kitabu na kuandika pembeni, lakini kitabu kitakachosomwa na shule nzima lazima kipitie kwa mhariri.

Utaratibu huu humlinda mgonjwa, na humlinda mgeni pia: ukikosea, kosa lako litaonekana kabla halijafika hospitalini. Kwa sababu hiyo, usiogope kuanza.

HATUA YA KWANZA: TUMIA PROGRAMU KABLA YA KUIREKEBISHA

OpenMRS ina tovuti ya majaribio iliyo wazi kwa umma, yenye wagonjwa wa kubuni. Ingia humo. Sajili mgonjwa wa kubuni, mwandikie kipimo cha shinikizo la damu, mpangie tarehe ya kurudi. Fanya hivyo kwa siku kadhaa huku ukiandika kwenye daftari kila jambo linalokutatiza.

Usipuuze daftari hilo. Mtu aliyezoea programu kwa miaka kumi haoni tena mahali ambapo karani mpya hukwama. Wewe unaona kwa sababu u mgeni.

HATUA YA PILI: SOMA SHERIA ZA NYUMBA

Miradi mingi huweka msimbo wake kwenye huduma ya GitHub, na OpenMRS ni mmojawapo. Katika ukurasa wa kila sehemu ya mradi, tafuta faili mbili. README hueleza programu inafanya nini na jinsi ya kuiendesha. CONTRIBUTING hueleza jinsi mchango unavyopokelewa: uandike vipi, ujaribu nini, uwasilishe wapi. Soma pia kanuni za maadili, kwa kuwa matusi na dharau zinaweza kukufungia mlango.

Kusoma huku huchukua saa moja au mbili. Mgeni anayeruka hatua hii hugunduliwa upesi, kwa sababu swali lake la kwanza huwa tayari limejibiwa katika aya ya pili ya mwongozo.

HATUA YA TATU: JITAMBULISHE, KISHA UULIZE VIZURI

Kila mradi una mahali pa mazungumzo ya wazi. Jitambulishe kwa sentensi mbili au tatu: wewe ni nani, unajua nini, ungependa kusaidia wapi. Mazungumzo mengi ni ya Kiingereza, lakini Kiingereza rahisi kinatosha. Wanaokusoma wako nchi mbalimbali, na wengi wao hawakuzaliwa nacho.

Uliza hadharani badala ya kumwandikia mtu mmoja faraghani, ili jibu limfae na atakayekwama baada yako. Linganisha maswali haya mawili.

La kwanza: "Programu yenu haifanyi kazi. Nisaidieni haraka."

La pili: "Hamjambo, mimi ni mgeni hapa. Ninajaribu kuendesha OpenMRS kwenye kipakatalishi changu kinachotumia Ubuntu. Nimefuata mwongozo hadi hatua ya tatu. Nilitarajia kuona ukurasa wa kuingia, lakini napata ujumbe huu ninaouweka hapa chini. Nimefuta na kuanza upya, bado hali ni ile ile. Je, kuna hatua niliyoiruka?"

Swali la pili linaeleza mambo manne: ulifanya nini, ulitarajia nini, kilichotokea ni nini, na umeshajaribu nini. Anayejibu anaweza kuanza kazi mara moja. Kuuliza si ujinga, lakini kumwachia mwenzako kazi yote ya kukisia ni kumchosha, na wengi wa wanaojibu wanafanya hivyo kwa kujitolea.

HATUA YA NNE: CHAGUA KAZI NDOGO

Kila mradi una orodha ya kazi zinazosubiri mtu. Zinazomfaa anayeanza hutiwa alama. Katika miradi mingi ya GitHub alama hiyo husomeka "good first issue". Chagua moja tu. Hakikisha hakuna mwingine anayeishughulikia, kisha andika kwamba ungependa kuifanya. Ukishindwa, sema, ili mwingine aichukue. Hakuna aibu katika kurudisha kazi. Kibaya ni kuikalia miezi mitatu bila kusema neno.

Ikiwa hujui kuandika msimbo, usiondoke. Kuna kazi nyingine nne zinazohitaji watu.

Kuripoti kasoro. Taarifa iliyoandikwa vizuri, yenye mambo manne tuliyoyataja, ni mchango kamili.

Kuandika miongozo. Ulipokwama ukifuata maelekezo, rekebisha sentensi iliyokupoteza.

Kujaribu matoleo mapya. Programu inahitaji watu wa kuibonyeza kila mahali kabla haijatolewa.

Kutafsiri. Tafsiri za OpenMRS hufanyiwa kwenye jukwaa la Transifex. Hapa mhudumu wa afya humshinda hata fundi wa kompyuta. Chukua neno la Kiingereza "discharge". Katika ukurasa mmoja lina maana ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani. Katika ukurasa mwingine ni majimaji yanayotoka kwenye kidonda. Mtafsiri asiyejua wodi anaweza kuweka tafsiri moja kila mahali, na karani akabaki kinywa wazi. Muuguzi hawezi kukosea hapo.

HATUA YA TANO: REKEBISHA KATIKA NAKALA YAKO

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme fomu ya usajili inamruhusu karani kuandika tarehe ya kuzaliwa ambayo bado haijafika, mwaka ujao kwa mfano, na programu haitoi onyo lolote. Umeichukua kazi hiyo. Utaratibu ni huu.

Kwanza, kwenye GitHub, bonyeza kitufe cha Fork. Utapata nakala yako ya msimbo mzima, ambayo ukiiharibu haimdhuru mtu.

Pili, tumia programu ya Git kuishusha nakala hiyo kwenye kompyuta yako. Git ilibuniwa mwaka wa 2005 na Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ili kutunza historia ya kila badiliko: nani alibadilisha nini, lini, na kwa nini.

Tatu, fungua tawi jipya na ulipe jina linaloeleza kazi. Tawi ni njia ya pembeni unamofanyia kazi bila kugusa msimbo mkuu. Kazi moja, tawi moja.

Nne, fanya badiliko dogo kabisa linalotatua tatizo. Ukiona kasoro nyingine njiani, iandike daftarini na uiache kwa siku nyingine.

Tano, jaribu. Iendeshe programu na uandike tarehe za aina zote: ya jana, ya leo, ya kesho, ya miaka mia iliyopita. Iwapo mradi una majaribio yanayojiendesha yenyewe, yaendeshe pia.

Sita, hifadhi badiliko kwa ujumbe mfupi unaoeleza ulichofanya, lipandishe kwenye nakala yako ya GitHub, kisha tuma ombi la kuunganisha, ambalo kwenye ukurasa huitwa Pull request. Ndani yake eleza tatizo lilikuwa nini, umebadilisha nini, na umejaribu vipi.

Kuhusu gharama: Git haina malipo, na akaunti ya kawaida ya GitHub haina malipo. Gharama ni kipakatalishi na bando. Kushusha vifaa vya mradi kwa mara ya kwanza hula data nyingi, kwa hivyo fanya hivyo mahali penye Wi-Fi. Habari njema ni kwamba kurasa za OpenMRS 3 zinaweza kuendeshwa kwenye kompyuta yako huku zikitegemea seva ya majaribio ya mradi. Huna haja ya kujenga hifadhidata yako siku ya kwanza.

HATUA YA SITA: POKEA MASAHIHISHO

Hapa ndipo wageni wengi huvunjika moyo. Umefanya kazi usiku kucha, umetuma ombi, na asubuhi unakuta mkaguzi ameandika maoni matano. Unahisi umekataliwa.

Turudi kwenye mfano wetu. Tuseme uliandika kwamba tarehe ya kuzaliwa lazima iwe kabla ya leo. Mkaguzi anauliza: "Na mtoto aliyezaliwa leo?" Swali hilo moja limezuia balaa. Msimbo wako ungepita ulivyo, kila mkunga katika kila wodi ya uzazi inayotumia toleo hilo angeshindwa kumsajili mtoto hadi kesho yake. Mtoto huyo asingekuwa na rekodi ya uzito wala ya chanjo katika siku yake ya kwanza. Marekebisho ni neno moja tu: badala ya "kabla ya leo", iwe "isizidi leo".

Mkaguzi hakukudharau. Amekufunza bure jambo ambalo darasani pengine usingelisikia. Jibu kila oni, rekebisha kwenye tawi lile lile, na ushukuru. Ukiwa na sababu ya kutokubaliana, ieleze kwa ushahidi. Pengine wewe ndiye unayejua kinachotendeka zahanati.

Je, wakinyamaza? Subiri wiki moja hivi, kisha kumbusha kwa upole. Ukimya mara nyingi ni dalili ya watu wachache wenye kazi nyingi.

HATUA YA SABA: RUDI TENA

Ombi lako likikubaliwa, jina lako huingia katika historia ya mradi pamoja na tarehe. Mwajiri anayeuliza uzoefu wako uko wapi anaweza kufungua ukurasa huo na kusoma kazi yako mwenyewe, pamoja na jinsi ulivyozungumza na waliokusahihisha.

Lakini mchango mmoja ni salamu tu. Uaminifu hujengwa na wa pili, wa tano, wa ishirini. OpenMRS huwapanga wachangiaji wake kwa ngazi, kuanzia /dev/null ya anayeanza hadi /dev/5. Mtu hapandishwi na cheti cha chuo, hupandishwa na kazi iliyoonekana. Ukifika mbele kidogo, geuka na umjibu mgeni anayeuliza swali ulilouliza wewe mwezi uliopita. Huo nao ni mchango.

MAMBO YA KUEPUKA

Usiweke kamwe taarifa za mgonjwa halisi. Ukiripoti kasoro, usitume picha ya skrini yenye jina, nambari ya simu, nambari ya kitambulisho au matokeo ya vipimo vya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 huhesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Kasoro ikitokea kituoni, mjulishe kwanza msimamizi wa mfumo huo, kisha uirudie kwenye tovuti ya majaribio ukitumia mgonjwa wa kubuni, na uripoti hiyo.

Usitangaze hadharani pengo la usalama. Ukigundua njia ya kuingia bila nenosiri, kwa mfano, wajulishe watunzaji kwa njia ya faragha waliyoiweka, ili walizibe kabla mhalifu hajalijua.

Usitume usichokielewa. Ukitumia akili unde kuandika msimbo, hakikisha unaweza kueleza kila mstari mkaguzi atakapouliza. Kama huwezi, hujamaliza kazi.

Usichangie kwa ajili ya zawadi pekee. Mwezi wa Oktoba 2020, kampeni ya kimataifa ya Hacktoberfest iliahidi fulana kwa watakaotuma maombi manne. Maelfu ya watu walituma mabadiliko yasiyo na maana, kama kuongeza neno moja la sifa kwenye README. Watunzaji walilemewa kiasi kwamba waandaaji walilazimika kubadilisha kanuni mwezi ukiwa bado unaendelea: tangu hapo mradi haukuhesabiwa ila uwe umekubali wenyewe kushiriki.

Usilipe mtu akuingize. Kuchangia programu huria hakuna ada ya usajili, fomu ya kununua wala wakala. Anayekuitisha pesa kwa jambo hilo anakulaghai.

KUHUSU PESA

Ni vyema kusema ukweli mapema: michango mingi ya anayeanza haina malipo. Anayehitaji karo au kodi ya nyumba mwisho wa mwezi huu asiuache mtaji wake akitegemea hili. Litenge kuwa saa chache kila wiki.

Hata hivyo, kuna njia zinazolipa kwa aliyekwisha anza. Google Summer of Code, inayoendeshwa tangu 2005, huwapa wachangiaji wapya marupurupu wakifanya kazi chini ya mlezi, na tangu 2022 si lazima uwe mwanafunzi wa chuo. OpenMRS ilianza kushiriki mwaka wa 2007. Outreachy nayo hutoa mafunzo ya kazi ya miezi mitatu yenye malipo, yanayofanywa kupitia intaneti, kwa watu wa makundi yanayobaguliwa au yasiyowakilishwa vya kutosha katika teknolojia. Katika Outreachy, anayepita mchujo wa kwanza lazima atoe michango halisi kabla ya kuchaguliwa. Aliyezifuata hatua saba hapo juu hufika hapo akiwa amejiandaa.

ZOEZI LA WIKI NNE

Wiki ya kwanza: tumia tovuti ya majaribio na ujaze kurasa mbili za daftari.

Wiki ya pili: soma README na CONTRIBUTING, fungua akaunti, jitambulishe.

Wiki ya tatu: chagua kazi moja ndogo. Ikiwa huandiki msimbo, tafsiri maneno 20 au uripoti kasoro moja kwa ukamilifu.

Wiki ya nne: wasilisha, pokea masahihisho, rekebisha.

Ni vizuri kufanya zoezi hili mkiwa wawili au watatu, mmoja akiwa mhudumu wa afya na mwingine akiwa mwanafunzi wa kompyuta. Wa kwanza anajua kasoro iko wapi, wa pili anajua inavyorekebishwa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kazi hii methali hiyo ina maana iliyo wazi kabisa: kuna mtoto atakayezaliwa leo katika wodi fulani ya kaunti hii, na karani atahitaji fomu inayokubali tarehe ya leo.